Malili ya Njano ya Barnaba

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu malili kumi na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, bado navaa viatu vya shule, na Sista wa Bustani katika nyumba ya masista, huku milimani juu ya Mbinga, alinituma bondeni nikachume maua ya altare. Nikachomoa kisu changu, nikakata kama mtu anayekata mabua ya mahindi, nikarudi na mzigo begani. Sista alikuwa mama mfupi wa Kimatengo mwenye sauti ya chini, na wafanyakazi walimwogopa zaidi akinyamaza.

"Nani amekupa kisu?"

"Ni changu, Sista."

"Kirudishe nyumbani. Lili halikatwi, linavutwa. Ukikata, kisiki kinachobaki kinaoza, na uozo unashuka mpaka kwenye tunguu."

Tunguu ni kile kiazi cha chini ambacho lili huota kutoka kwake mwaka hadi mwaka. Sista alinipeleka bondeni, akashika bua chini kabisa, akalizungusha kidogo na kulivuta. Likatoka zima, na mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa. Akanionyesha pia kwamba kile kikombe cheupe tunachokiita ua ni jani tu lililojikunja. Maua yenyewe ni vipunje vya njano vilivyojipanga kwenye kidole cha katikati. Jioni mikono yangu iliwasha hadi viwiko, kwa sababu utomvu wa lili unawasha na sikuwa nimeambiwa. Au niliambiwa nikasahau. Katika maelezo haya nitajaribu kutowasingizia wengine, maana nilishafanya hivyo mara moja na inatosha.

Ninyi mnaoanza kazi ya bustani leo mnauliza simu, na simu inawajibu papo hapo. Sisi tulijifunza kwa kutazama mikono ya mtu. Kwa miaka sita nilitazama mikono ya Sista. Nilijifunza kwamba lili jeupe linapenda miguu yake ikae majini, kwa hiyo tulilipanda kando ya kijito. Nilijifunza kugawanya matunguu kila mwaka wa tatu, kabla hayajasongamana yakaanza kutoa majani matupu. Tuliyalisha maganda ya kahawa yaliyooza mwaka mzima, kwa maana maganda mabichi huunguza mizizi. Baada ya kuvuna tulifunga ncha za mabua kwa kamba ya mgomba, kwa sababu bua la lili likikaa majini huchanika na kujikunja nje kama mkia wa nguruwe, na padre hawezi kusoma misa mbele ya mikia ya nguruwe.

Kisha nilihamishiwa kwenye kitalu cha miche kule Kitai, chini ya Mkuu wa Kitalu, mstaafu wa jeshi aliyetupangisha mstari kila asubuhi na kutukagua kucha. Kule ni joto kuliko kwetu, na malili niliyokwenda nayo yalilala chali mwezi wa kumi yasiinuke tena. Nilikaa miaka minne nikiotesha mikaratusi na kuhesabu mabasi ya Songea. Sista wa Bustani alipozeeka, Mama Mkuu wa nyumba aliniita nirudi niwe mnyapara wa bustani, mwenye funguo za stoo na watu watano chini yangu. Nilijiona nimefika. Kila Jumapili nilikaa benchi la mbele ili nione watu wakiyatazama maua yangu.

Hapo ndipo alipokuja Barnaba.

Alitoka Chiwanda, kule kusini kabisa mwa ufuko wa ziwa upande wetu, karibu na Msumbiji. Alikuwa Mwanglikana, amenizidi urefu, nami nimemzidi miaka minane. Mama Mkuu alimwajiri kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya wageni ufukweni na alijua maua ya rangi. Wapishi walimpenda wiki ile ile. Mimi nilikuwa nimekula jikoni pale miaka mingi na sikuwahi kupewa finyango ya pili ya nyama.

"Mwanglikana anapamba altare ya Wakatoliki," nilimwambia siku moja mbele ya watu. "Mungu atachanganyikiwa."

"Kaka, Mungu namfahamu tangu kule ziwani," akajibu. "Akichanganyikiwa nitamwelekeza."

Wote walicheka, na kicheko kile kilikuwa chake. Mimi niliondoka nacho rohoni kama punje ya mchanga kwenye jicho.

Masista walikuwa wanakaribia kutimiza miaka hamsini ya nyumba yao, jubilei ya dhahabu, na Mama Mkuu alitaka altare iwe ya njano tupu. Mgeni wao mmoja alileta matunguu arobaini ya malili ya njano ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuna mtu milimani aliyekuwa amewahi kuyaona. Mama Mkuu alituita sote wawili.

"Ndunguru, chukua ishirini. Barnaba, ishirini. Bado tuna mwaka mmoja na nusu. Atakayefaulu ndiye atakayepamba jubilei, na bustani yote itakuwa chini yake."

Bustani yote. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu na nilizisikia zinakuwa nzito.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza, ambalo ni la ujinga tu. Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Tunalaza majani kwa umbo la mraba mteremkoni, tunayafukia kwa udongo yawe matuta, na katikati linabaki shimo la kushika maji ya mvua ili mlima usiporomoke. Mazao tunapanda juu ya matuta, kamwe si shimoni. Lakini mimi nilifikiri kama mtu wa malili meupe. Nikajiambia kuwa lili ni la majini, na maji yako shimoni. Nikachimba ngolo nzuri sana, nikapanda matunguu yangu ishirini chini kabisa.

Barnaba aliomba lori la usipa, vile visamaki vidogo vya kuanikwa, limletee magunia sita ya mchanga kutoka ziwani. Akainua tuta refu kama kaburi, nusu mchanga nusu udongo, akapanda juu.

"Huyu anapanda maua au anaanika usipa?" niliwauliza wenzangu.

"Usipa ukimwanika penye maji anaoza, kaka," akasema bila kuacha kazi. "Na hawa naona ni ndugu zake."

Matunguu yangu yalioza kabla ya Krismasi. Uozo wa tunguu la lili unanuka kama samaki aliyesahaulika, na ukiliminya linageuka uji mkononi. Ya Barnaba yalitoa vikombe vya njano, njano nzito ya kiini cha yai, na majani yenye madoa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Masista walishuka wote kuyatazama. Sista wa Bustani, ambaye sasa alitembelea fimbo, aliinama akagusa kikombe kimoja kwa mgongo wa kidole. Hakuwahi kugusa ua langu hivyo. Niliondoka nikaenda kunoa majembe yaliyokwisha kunolewa.

Lili la rangi lina tabia ambayo lile jeupe halina. Likimaliza kuchanua, majani yanageuka njano na kukauka, na tunguu linataka kulala kavu kabisa miezi miwili mitatu. Likipata maji usingizini, hasa wakati wa baridi, linaoza. Barnaba aliyafukua mwezi wa tano, akayapanga kwenye makasha ya mbao ndani ya mchanga mkavu, akayaweka stoo. Yangepandwa tena mwezi wa tisa, yachanue wakati wa jubilei.

Mwezi wa saba alipata habari kuwa mama yake ni mgonjwa sana. Alikuja kwangu asubuhi, begi begani.

"Kaka, naenda Chiwanda. Siku kumi, labda zaidi. Makasha nakuachia wewe."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Usiyape hata tone."

"Hata tone," nikarudia.

"Nakuamini wewe, kaka, kwa sababu unajua uozo unavyonuka."

Hakunisimanga. Leo najua hivyo. Siku ile nilisikia dhihaka.

Siku ya tatu nilifungua stoo kwa ufunguo wangu, nikachukua kopo la kumwagilia. Nilijiambia mchanga umekauka mno, kwamba yeye ni mtu wa joto hajui baridi ya Umatengo, kwamba mmea wowote unahitaji maji. Nilijiambia mengi huku nikimimina. Kila baada ya siku mbili nilirudi. Sikumwaga mengi, kiasi cha kulowesha tu, kama mtu anayetunza. Siku ya tisa harufu ilianza, nikafunga mlango.

Barnaba alirudi amenyoa nywele. Mama yake alikuwa amezikwa. Nilimpa pole. Alikwenda stoo moja kwa moja, akatia kidole kwenye mchanga, akakitoa na kukitazama. Mchanga mbichi ulikuwa umemganda hadi kwenye fundo la kidole.

"Manyunyu," nikasema. "Mwaka huu baridi ina manyunyu sana. Paa litakuwa limevuja."

Aliinua macho kutazama paa. Lilikuwa la bati jipya.

Mama Mkuu alikuja, akaziba pua. Aliuliza nani alikuwa mtunzaji wa makasha. Nilikuwa nimesimama pale, funguo mkononi.

"Ni ya Barnaba, Mama," nikasema. "Aliyaacha, akasafiri."

Barnaba aliniangalia, kisha akamwangalia Mama Mkuu. "Ni kweli, Mama. Niliyaacha."

Mwisho wa mwezi aliondolewa kazini. Jubilei ilipambwa kwa malili yangu meupe, mia mbili na zaidi, kila bua limefungwa kamba ya mgomba. Askofu aliyasifu, watu wakapiga makofi, nami nikainuka kidogo benchini. Baada ya misa Sista wa Bustani alinisogelea na fimbo yake.

"Maua yako ni mazuri, Ndunguru."

"Asante, Sista."

"Ila tuliomba ya njano."

Akageuka, akaenda zake. Alifariki mwaka uliofuata, na hadi leo sijui alijua kiasi gani.

Niliendelea kuwa mnyapara miaka kumi na tisa. Niliwafundisha wengi kuvuta bila kukata, na kugawanya matunguu mwaka wa tatu. Ya rangi sikuyafundisha, na waliponiuliza niliwaambia hayastawi milimani. Huo nao ni uongo wangu, na walioishi nao ni vijana wangu.

Mwaka jana nilistaafu. Watoto wananipigia simu na kunitumia picha, na siku moja binti yangu aliniletea picha ya harusi ya rafiki yake huko ufukweni. Mbele ya altare palikuwa na ndoo mbili za malili ya njano. Nilitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa majuto. Niliona wivu, ule ule, mzima kabisa, kana kwamba jana tu Barnaba alikuwa jikoni akiwachekesha wapishi.

Nilipanda gari hadi Mbamba Bay, na kesho yake hadi Chiwanda, na kilo mbili za kahawa kwenye mfuko. Sikuuliza sana, kila mtu alijua kwa mzee wa maua. Alikuwa kivulini mwa migomba yake, amepiga magoti mbele ya tuta la mchanga. Akainuka polepole.

"Shikamoo, kaka."

Niliitikia marahaba kwa shida. Mkewe alitoka ndani na ungo, akanitazama kuanzia kichwani.

"Ndiye huyu?" akamuuliza mumewe.

"Ndiye."

"Kumbe mfupi hivi! Mimi nilimdhania jitu."

Barnaba alicheka mpaka akashika kiuno. Nilipoanza kusema nililokuja kusema, hakunikatiza. Nilisema yote: kopo, siku ya tatu, mlango, manyunyu. Nilipomaliza alifuta mikono kwenye suruali.

"Paa lilikuwa zima, kaka. Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ningekuwa mtu wa ziwani aliyemsingizia mnyapara wa miaka yote ile. Na nilikuwa nimetoka kumzika mama, sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilichambua ule uozo, nikakuta vijitunguu vitatu vigumu, vidogo kama njugu. Nikavipaka majivu, nikavitia mfukoni. Hawa wote ni watoto wao."

"Umenisamehe?"

"Mwaka wa kwanza nilikulaani kila siku. Muulize huyu, alichoka kusikia jina lako. Halafu nikawa na kazi nyingi."

Sijui niliwaza atanijibu nini. Nilijua tu kwamba hata katika hilo amenishinda, yeye aliyepata kazi nyingi akasahau, na mimi niliyebaki na funguo nikikumbuka. Nilimwonea wivu hata usahaulifu wake. Nayaandika haya kwa sababu mtu akikuambia wivu huisha ukizeeka, atakuwa hajazeeka bado.

Wakati wa kuondoka alinipa mkebe wa maziwa uliojaa mchanga wa ziwani, na ndani yake matunguu mawili.

"Masharti unayajua, kaka."

Mkebe huo uko dirishani kwangu sasa. Ni mwezi wa saba, milima imevaa ukungu, na kila asubuhi mkono wangu unakwenda wenyewe kulikotundikwa kopo la kumwagilia. Juzi nilimpelekea kopo jirani yangu ng'ambo ya bonde. Akaniuliza bustani yangu nitaimwagilia kwa chombo gani, nikamwambia malili meupe yana kijito chao, na hayo mengine kazi yake ni kutofanya kitu. Vijana wangu wawili wa zamani nimewaita waje mwezi wa tisa, tuinue tuta la mchanga pamoja. Nitawaeleza ni mbegu ya nani.

Leo asubuhi nimetia kidole kwenye mkebe, hadi kwenye fundo, nikakitoa na kukitazama. Mkavu.