Bima Yangu na Paa la Majirani

Msomaji wangu, tangu wiki jana natokea mlango wa nyuma ili nisionane na majirani. Acha nikueleze.

Nyumba zetu hapa Suna ni tano, zimeshikana ukuta kwa ukuta chini ya paa moja, na kila mtu amenunua yake. Mwenye bima nilikuwa mimi peke yangu. Basi upepo ulipong'oa paa lote, wenzangu walilia, nami nikarukaruka kwa furaha!

"Tulieni!" nikapaza sauti. "Paa ni moja, na mimi nina bima. Kampuni italipa lote!"

"Mwalimu, una hakika?" aliuliza Mama Otieno, jirani yangu. "Fundi yuko tayari kuanza leo."

"Mrudishe! Akigusa kitu, watakataa kulipa."

"Ero kamano, Mwalimu!" walinishukuru wote, wakanichinjia kuku. Siku tatu tukalala chini ya maturubai, mimi nikiwahimiza wachague rangi ya mabati.

Afisa wa bima alipofika, nilimwonyesha mbingu kwa madaha mbele ya majirani wote. Alifungua faili, akasoma, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii ni bima ya vyombo vya ndani tu. Paa halimo. Kuna chombo kilichoharibika?"

Viti vilikuwa vizima. Hata kikombe hakikupasuka.

Mama Otieno akanigeukia taratibu.

"Mwalimu, hizi karatasi zako ulizisoma?"

"Bado," nikajibu, mimi ninayefundisha darasa la kwanza kusoma.