Aliyekwenda kwa Bibi

Darasa langu la pili pale Kiwalani lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Wengine waliandika wakiwa wamekaa sakafuni, na bado kwenye dawati la mbele palikuwa na nafasi moja ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuikalia. Ilikuwa ya pacha mmoja aliyefariki wakati wa likizo, kwa homa ya siku chache tu. Pacha mwenzake, binti aliyekaa kando ya nafasi ile, alikuwa ametandika sweta pale. Ukimpeleka mtoto mwingine akae, hakulia wala kugomba. Alimtazama tu, mpaka yule mtoto anarudi sakafuni mwenyewe.

Shule ile iko njia ya ndege. Zikipita juu ya bati inabidi mwalimu unyamaze, maana hakuna anayekusikia. Hapo ndipo midomo ya yule binti ilipocheza. Aliliinamia sweta na kulisemesha, na ngurumo ikiisha, naye ameshafunga mdomo. Nilizichukia zile ndege. Sasa nafundisha Manzese, lakini darasa likinyamaza ghafla huwa naangalia dawati la mbele.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mwalimu, hiyo saikolojia yako itatuponza. Mzazi akimkuta mwanawe chini na dawati lina nafasi, utamwambia nini?"

"Nitamwambia kuna mtoto anaomboleza."

"Mtoto wa darasa la pili anaomboleza?"

Nilitoka nimefura. Nilijiona nimesoma, na yeye hajasoma. Nilimwita binti, nikamuuliza ile nafasi anamwekea nani.

"Pacha wangu. Yuko kwa bibi kule Masasi. Akirudi atakaa wapi?"

Kumbe wakati wa msiba walimpeleka kwa shangazi yake kule Keko, na aliporudishwa nyumbani akaambiwa hivyo. Mtoto hakuwa akiomboleza. Alikuwa akingoja.

Jioni ile nilimfuata mama yake, anayekaanga mihogo mbele ya nyumba yao. Aliposikia nilichojia, aliacha mihogo ikaungua.

"Usimwambie, mwalimu, nakuomba. Sie watoto hatuwaambiagi. Akijua, na huyu atanifia."

"Anamngoja kila siku, mama. Usipomwambia wewe, ataambiwa na watoto wenzake, tena kwa kumcheka."

Alilia, kisha akakubali, kwa sharti niwepo.

Jumamosi tulikaa watatu kwenye mkeka. Nilikuwa nimemwelekeza mama aseme "amekufa", asizungushe maneno. Na mimi nilijiandaa kwa maswali ambayo chuoni walituambia watoto huuliza: na mimi nitakufa? Ni kosa langu? Majibu nilikuwa nayo, nimeyapanga kama mtu anayesubiri mtihani.

Mama akasema. Sauti ilimkatika katikati, akarudia tangu mwanzo. Binti hakulia. Alimtazama mama yake kwa macho yale yale aliyowatazamia wenzake darasani.

"Kwa hiyo hayuko na bibi?"

"Hayuko, mwanangu."

"Kumbe siku zote hizi yuko peke yake?"

Swali hilo chuoni hawakutuambia. Kuna usiku bado nalitafutia jibu. Kwa desturi ya familia ile, wanawake hawafuati jeneza makaburini. Wanaume ndio waliombeba mtoto wakaenda naye, na mama akabaki ndani, kashikiliwa na majirani.

Alijitanda khanga, akainuka, akamshika binti mkono.

"Twende tukamwone," alimwambia.

Walipofika mlangoni akasimama. Alinigeukia.

"Mwalimu," alisema, "hata mie sijui walipomzika."