Viazi vya Mwaka Aliovuka Baba

Asubuhi aliyovuka baba yangu naikumbuka, mwanangu, kana kwamba bado nimesimama pale kwenye matete. Ilikuwa kiangazi. Mto Ruvuma ulikuwa umepungua, mchanga umetokeza katikati, na mtu aliyeujua vizuri aliweza kuupita sehemu kubwa kwa miguu. Baba alikuwa anakwenda ng'ambo, upande wa Msumbiji, kumchukua dada yake, shangazi yetu, kwa sababu vita vya kule vilikuwa vimekaribia kijiji chao. Mama alimsindikiza. Mimi nilikuwa nyuma yake, binti aliyekwisha kuvunja ungo, na mdogo wangu Zuhura nimembeba mgongoni.

Baba alishaaga, akageuka, halafu akasimama kama mtu aliyekumbuka jambo. Akasema, "Mama Somoe, viazi msipande mpaka nirudi. Nitaiwahi mvua."

Basi. Akaingia majini.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi uliniuliza swali, nami nikakaa kimya mpaka ukadhani sijasikia. Ulisema marando yako ya viazi yamerefuka, mvua ya kwanza imenyesha, na hujui upande sasa au umngoje mumeo arudi kutoka Dar es Salaam aichague siku mwenyewe. Nilisikia, mwanangu. Ila jibu lenyewe linapita mahali ambapo sipendi kupita, ikabidi nijikaze kwanza.

Wakati ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya. Zamani tulikaa bondeni, jirani na mto, si mbali na Kitaya. Ikaja amri kwamba watu wakae pamoja vijijini, na kwetu sisi wa mpakani ilionekana ni salama zaidi kuwa mbali na mto, maana mabomu ya upande wa pili wakati mwingine yaliangukia huku. Tukaacha nyumba, tukaacha mihogo ardhini. Kijijini tulipewa kiwanja cha kujenga, na nyuma ya nyumba kipande cha kulima. Mihogo mipya tuliyopanda ilikuwa bado vijiti. Shamba la kijiji lilikuwa la mtama, na nguruwe pori walilijua vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo mwaka ule tegemeo letu lilikuwa viazi vitamu. Muhogo unakuweka mwaka mzima na zaidi ndipo uuchimbe, lakini kiazi kikipandwa wakati wake, kabla kiangazi hakijakaza unakula.

Na wakati wake alikuwa anaujua baba. Majirani walikuwa wakimfuata kumuuliza. Hakupanda na mvua ya kwanza, kwa sababu mvua ile inadanganya; inanyesha kwa kishindo, halafu jua linarudi na kuyachoma marando yangali machanga. Alingoja mvua zikolee, zikatike kidogo kama zinavyokatika kila mwaka huku kwetu, kisha zirudi. Hapo alikwenda kwenye tuta asubuhi, akauzamisha mkono wote mpaka kifundoni, akatoa udongo na kuuminya. Ukishikana bila kuchuruzika maji, na kule ndani ukiwa baridi, alirudi nyumbani akasema, "Leo kateni mbegu," yaani vipande vya marando, tukavilaza kivulini vinyauke kidogo. Kesho yake jioni, jua likiisha ukali, tulipanda.

Mama alijua yote hayo. Alikuwa ameyaona miaka na miaka. Hakukosa ujuzi, mwanangu, hilo nataka ulielewe.

Mvua ilianza. Baba hakutokea. Mto ukajaa, ukawa mwekundu, wala hapakuwa na mtu wa kuuvuka kwa miguu tena. Mama akasema anangoja maji yapungue. Tukapanda mahindi kidogo na kunde. Marando ya kukatia mbegu mama alikuwa ameyaotesha nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotiririkia, na yalikuwa yamestawi sana, yanatambaa mpaka kwenye ua. Kila asubuhi aliyatazama, akachuma matembele ya mboga, akarudi ndani.

Mvua zikakatika, kisha zikarudi. Ikawa ndiyo siku yenyewe. Kijiji kizima kilikuwa mashambani. Jirani yetu, Bi Hadija, mjane aliyehamishwa pamoja nasi kutoka bondeni, alikuja kuomba mbegu. Mama akamkatia mzigo mkubwa, akamfungia kwa kamba mwenyewe.

Bi Hadija akamtazama. "Wewe mwenzangu unapanda lini?"

"Baba Somoe akirudi."

"Na asiporudi mapema?"

"Amesema atarudi."

Bi Hadija alichukua mzigo wake akaenda. Nadhani aliogopa kuwa mtu wa kwanza kutamka lile ambalo wote walikuwa wanalifikiri.

Siku chache baadaye nilichukua jembe. Sikumuuliza mama. Niliona udongo uko vizuri, nami nilikuwa na nguvu, nikasema nitainua matuta tu, kupanda tutaona. Nilikuwa nimekwisha kuinua la kwanza, refu, nimelipigapiga kwa mpini likae sawa, mama alipotoka jikoni. Alisimama akilitazama lile tuta. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, bila ukali wowote:

"Somoe, unamzika baba yako?"

Mwanangu, jembe lilinitoka mkononi. Ndipo nilipofahamu kwamba kwa mama jambo hili halikuwa la viazi tena. Mume wake alisema msipande mpaka nirudi. Akipanda, amekubali kwamba harudi. Kadiri kipande kile kilivyokaa bila kupandwa, ndivyo kwake baba alivyokuwa bado yuko njiani. Nililisawazisha tuta kwa miguu. Yeye akarudi jikoni.

Aliyekuja kumtoa pale alikuwa mjomba wangu Bakari, kaka yake mama, aliyekaa Nanyamba. Unajua kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno juu ya dada zake na watoto wao. Alikuja kwa miguu, amebeba korosho na unga kidogo wa mtama, kwa sababu habari za baba zilikuwa zimemfikia. Mvua za mwisho zilikuwa zinakaribia. Baada ya salamu alitaka kunawa, nikampeleka bafuni, na pale nyuma akayaona marando yamejisokota kama nyasi za porini, majani ya chini yamekuwa ya njano.

Akatoka na maji yanamchuruzika mikononi. "Asha! Hii mbegu yote inafanya nini hapa?"

"Shikamoo tena, kaka. Kaa kwanza upumzike."

"Sikai. Nakuuliza."

Mama akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyejiandaa siku nyingi kuulizwa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa, anayesikika nyumba ya tatu, lakini siku ile aliishusha.

"Sikukatazi kumngoja," alisema. "Ni mumeo, mngoje. Mngoje mpaka uzeeke ukitaka. Lakini niambie, Issa akiingia kwenye mlango huu keshokutwa, ametoka vitani, ana njaa, utampa nini? Utamwambia akae ale kungoja kwako?"

Mjomba akamwonyesha Zuhura kwa kidole.

"Na hawa watoto, wao walimwahidi nani?" Akanigeukia. "Somoe, lete jembe. Asha, kata mbegu. Tutapanda jioni hii hii, hatuna nafasi ya kuinyausha."

Nilimwona mama anainuka. Alishika kisu, akainama kwenye yale marando, akakata la kwanza, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu baba avuke. Alilia huku anakata. Mjomba hakumwambia anyamaze. Sisi wawili tuliinua matuta, yeye akatufuata nyuma akipanda, na giza lilipoingia kipande chote kilikuwa kimeisha.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Mvua ilinyesha mara chache tu baada ya hapo, ikaaga. Marando yalishika, majani yalitoka, na mtu aliyepita njiani angesema pale kuna viazi. Tulipochimba tulikuta mizizi, mwanangu. Myembamba, yenye nyuzi, inayobaki mdomoni hata ukiitafuna vipi. Tuliichemsha hiyo hiyo. Bi Hadija alituletea viazi vyake, vizuri, vya ile mbegu aliyokatiwa na mama, naye aliviweka mlangoni na kuondoka haraka ili mama asione haya. Tulipata na unga wa njano uliogawiwa kijijini. Havikutosha.

Zuhura ndiye aliyeshindwa. Alikuwa ameanza kutembea tulipohamia kijijini, na sasa akaacha kutembea, akawa wa kukaa. Ikaja surua. Sisemi njaa ilimuua. Walikuwepo watoto wa nyumba zenye chakula ambao surua iliwachukua pia. Lakini walikuwepo wengi waliougua wakapona, nami sina namna ya kujua kama na yeye angekuwa mmoja wao lau tungepanda mapema. Hilo ndilo lililomkaa mama. Jambo unalolijua hakika unaweza kulilia likaisha. Lile usilolijua unalala nalo.

Baba alirudi wakati wa baridi, kusi ikivuma, bunduki za ng'ambo zimenyamaza. Alikuwa mwembamba, ndevu zimejaa. Kumbe alipovuka alikamatwa na askari wa Kireno, akafungiwa pamoja na wanakijiji wa kule katika kambi iliyozungushwa seng'enge, na hakukuwa na kutoka. Shangazi alifia humo humo. Tulimlaki kwa vilio vya furaha, mama alimshika mikono asimwachie. Kisha nikamwona baba anatazama huku na huku, kwenye mkeka, mlangoni, mgongoni kwangu.

"Yuko wapi mdogo wako?"

Mama ndiye aliyemjibu. Mimi nilitoka nje.

Siku ya tatu au ya nne alikwenda nyuma ya nyumba. Alipita kwenye matuta, akang'oa rando moja lililobaki, akaugeuzageuza mzizi mkononi. Akauliza, "Hivi vilipandwa lini?"

Mama akamwambia. Baba akashangaa kweli. "Mbona mlichelewa hivyo, na mbegu mlikuwa nayo?"

"Si ulisema tusipande mpaka urudi?"

"Nilisema?" Alikunja uso, akitafuta. "Mimi? Lini?"

Hakukumbuka, mwanangu. Lilikuwa neno la kuagia tu, la mtu anayetaka wabaki na uhakika kwamba atarudi. Alipoona sura ya mama alielewa, akakaa chini palepale kwenye tuta, ule mzizi bado anao. Mama naye akakaa. Hawakulaumiana, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka walipotutoka. Ila sikumsikia tena baba akiacha agizo alipokuwa akisafiri. Alisema tu, "Mtaona wenyewe."

Msimu uliofuata mvua zilipokatika na kurudi, aliniita mimi na mama shambani. Akakaa pembeni. "Siku mtaichagua nyinyi," akasema. Nilizamisha mkono, nikaogopa, nikamtazama mama. Mama akazamisha wake kando ya wangu. Tulikaa hivyo kwa muda, mikono yetu miwili ardhini, kabla hajasema, "Leo tukate."

Sasa nikujibu swali lako. Mvua ya kwanza iache ipite. Zikikatika, tulia. Zikirudi, ingiza mkono kwenye tuta kama nilivyokueleza, na udongo ukishikana na kuwa baridi ndani, kata mbegu, ilaze kivulini siku moja, kesho yake jioni panda. Usimngoje mumeo. Simaanishi umdharau. Mpigie simu umwambie unapanda, atafurahi, na asipofurahi nipe mimi niongee naye. Mapenzi ya mtu aliye mbali yashike moyoni kwa nguvu zako zote, lakini udongo uutazame wenyewe, maana haujui nani yuko safarini. Na siku ukiwa wewe ndiye unayesafiri, angalia neno unalowaachia wenzako mlangoni. Wewe utalisahau njiani, na wao watalitii.

Haya, nenda, jua halijawa kali. Mungu aliyemrejesha baba yangu amrejeshe na mumeo salama. Aupokee mkono wako ardhini, watoto wako washibe mpaka waache chakula kwenye sahani, na uje uzeeke katika nyumba ambayo hakuna aliyekosekana. Amina, mwanangu. Amina.