Paa Lililong'aa Ng'ambo ya Mto

Hakuna kinachonirudisha nyumbani haraka kama harufu ya kibuyu cha maziwa kinachofukizwa. Mama alikuwa akichoma nyasi kavu kwenye kigae, kisha anakiinamisha kibuyu juu ya moshi mpaka ndani yake kote kunukie, na maziwa yaliyomiminwa humo baadaye yakawa na ladha ambayo sijaionja tena mjini. Kazi hiyo aliifanya jioni, pembeni ya zizi, moto wa samadi ukifuka moshi mweupe wa kufukuza nzi na ng'ombe wenye pembe ndefu wakirudi mmoja mmoja, kwa madaha, kana kwamba njia yote ni yao. Nyumba yetu iko mbele ya Kaisho, kwenye mgongo wa kilima unaotazama mto Kagera. Asubuhi mto ulijifunika ukungu na usiuone kabisa. Jioni ukungu ulikuwa umekwisha, na ng'ambo, upande wa Uganda, kwenye ubavu wa kilima, kulikuwa na paa moja la bati lililoshika jua la mwisho na kung'aa peke yake.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Msimu ule wa kiangazi watu wazima walizungumza jambo moja tu, shule yangu. Kwetu mzazi aliyeuza ng'ombe wawili watatu akabaki na kundi alimpeleka mtoto Uganda, maana iliaminika kwamba huko hata mbuzi wanalia kwa Kiingereza. Shangazi, dada yake baba, ambaye alivuka mpaka wa Murongo kila wiki na maharage yake, ndiye aliyeleta habari za shule. Taata, ndivyo tulivyomwita baba, alizipokea kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Alikuwa ameshaipenda shule moja ya karibu na Kampala, kwa sababu daktari aliyemponya mguu alisoma hapo. Mimi sikuulizwa, nami sikujali. Nililala chali juu ya kichuguu nikiangalia mawingu yakivuka mpaka bila kumwamkia mtu.

Aliyekataa ni mama. Alikataa kwa sauti ya chini, huku akikamua, na hiyo ndiyo iliyomtisha Taata.

"Mama Kembabazi, watoto wa wenzetu wanakwenda na wanarudi," Taata alisema, akimwita kwa jina langu.

"Na kaka yangu je?"

Mjomba alikwenda Kampala kutafuta maisha kabla sijazaliwa, na tangu hapo alikuwa mtu wa kusikika tu, leo yuko huku, kesho kaonekana kule, mpaka hata kusikika kukakoma.

"Simzuii kusoma," mama akaendelea. "Ng'ombe tunamwacha aende hadi wapi?"

Jibu tulilijua sote. Kundi liliachwa lienende na majani yake hadi pale aliyeketi kwenye kichuguu alipoweza bado kumtofautisha Bihogo na Gaju, mmoja mwekundu, mwingine wa rangi ya udongo. Likipita hapo unanyanyuka na kulirudisha. Mama alitaka mtoto wake apewe kipimo hichohicho. Nisome ninapoonekana, au nibaki nimsaidie kukamua.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. Alisema anaijua shule ya wasichana, nzuri tu, ya masista, hapohapo ng'ambo kwenye kilima. Akanyoosha mkono. Sote tukageuka kufuata kidole chake, na mbele ya kidole hicho palikuwa na kitu kimoja cha kuona, lile paa. Hakuna aliyedanganya wala aliyeuliza zaidi. Mama alilitazama mpaka lilipozimika, akasema, "Hapo sawa." Taata akaiaga shule yake ya Kampala kimyakimya, na Shangazi akaenda kuniombea nafasi. Tangu jioni hiyo paa likawa langu. Nililijaza vitanda, madirisha ya kioo, wasichana wenye soksi ndefu nyeupe, na mimi mwenyewe nimesimama mlangoni nikipunga mkono, na mama huku anapunga wake. Niliishi humo miezi kadhaa kabla ya kufika.

Siku ya kuripoti mama alitaka kunipeleka mwenyewe. Hakuwahi kuvuka mto. Alijifunga kitenge chake cha kanisani, akabeba kibuyu cha maziwa, Taata akabeba sanduku langu la bati, na tulipovuka Murongo nikamwona mama anageuka mara kwa mara kuhakikisha kilima chetu kipo. Tulipanda kwa miguu kuelekea kwenye paa. Lilizidi kuwa kubwa, na karibu yake tukasikia mngurumo wa mashine. Wanaume waliojaa vumbi walikuwa wanapakia magunia. Lilikuwa ghala la kahawa.

"Shule?" mmoja wao alijibu. "Zungukeni kilima. Iko bondeni, upande wa pili."

Tulizunguka. Shule ilikuwapo, tena nzuri kuliko nilivyoota, na maua mlangoni. Ila kilima kilisimama katikati yake na kwetu, na Kagera haikuonekana hata kidogo. Taata aliweka sanduku chini, akawa anajifuta jasho bila kututazama. Nilijua mama akisema turudi, tutarudi, na masomo yangu yameishia hapo. Mwalimu mkuu, sista mnene mwenye kicheko, alitusalimu kwa Kinyankole, ambacho kwetu ni kama kumsikia jirani akizungumza. Mama alimwitikia vizuri, kisha akauliza swali moja tu.

"Wanaruhusiwa kupanda kilima hiki?"

"Jumapili, baada ya misa."

Mama alikitazama kilima kutoka chini hadi juu. Kisha akanigeukia, akanipa kibuyu.

"Basi wewe ndiye utakayenichunga."

Akaondoka haraka, hakugeuka. Nilisimama pale nimekumbatia kibuyu chenye joto, na nililia, sisemi uongo, nililia mpaka sista akanishika bega.

Kila Jumapili nilipanda. Upande wetu ulikuwa na moshi kila mahali, kila zizi na wake, na sikuweza kujua ni upi wa mama, hivyo nilichagua mmoja mnyoofu nikaupenda. Likizo ya kwanza nilipofika nyumbani nilikuta kigoda chake kimehamishwa. Zamani alikaa akitazama zizi. Sasa alikaa ameelekea mto, na ng'ombe wako mgongoni. Taata alimtania kwamba siku moja Bihogo atamkanyaga.

Leo mimi ni daktari wa mifugo huku Bukoba, na binti yangu Atugonza anatafutiwa sekondari. Shule zote tumezitembelea kwenye simu, mabweni, maabara, bwawa la kuogelea, hata chakula cha Jumatano. Amechagua ya Nairobi, na ataongea nasi kwa video akitaka. Mimi, msomi mzima, nilijikuta nauliza kama hapo pana kilima. Alicheka sana.

Tulikwenda Kaisho kumuaga bibi yake. Taata hayupo tena, ng'ombe wamebaki wachache, ila moshi wa jioni ni uleule. Mama alizitazama picha za shule moja moja, simu ameisogeza karibu na macho, akasema ni nzuri. Akamrudishia mjukuu wake.

"Nairobi ni upande gani?"

Atugonza aliangalia ramani kwenye simu, akageuka, akanyoosha mkono mashariki, juu ya migomba ya jirani, mahali ambapo hapaonekani kitu. Mama alifuata kidole hicho. Kisha akashika magoti, akanyanyuka taratibu, akakigeuza kigoda chake.