Foleni ya Gurudumu

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ya dagaa bado hunivuruga kichwa. Ikinipata ghafla, iwe sokoni au nyuma ya lori lililoegeshwa, nasahau nilichokuwa nakifanya na kurudi katika kiangazi kimoja cha miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tukiishi Kirumba, Mwanza, katika vyumba viwili vya kupanga, nami nikiwa mtoto wa shule ya msingi mwenye magoti meupe kwa vumbi. Dizeli ilitoka kwenye jenereta la watu waliokuja na gurudumu la kupandisha watu hewani. Dagaa nitasema walikotoka. Ila nitangulize jambo moja, asije mtu akanidai mafundisho mwishoni: habari hii siielewi. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikiimaliza najikuta nimebaki na swali lile lile mkononi, kwamba siku ile kilichoinusuru nyumba yetu kilikuwa foleni au gurudumu lenyewe. Wahenga nao hawanisaidii. Walisema mvumilivu hula mbivu, wakageuka upande wa pili wakasema ngojangoja huumiza matumbo, kisha wakafa zao wakatuachia sisi kazi ya kuchagua.

Gurudumu lilikuja vipande vipande juu ya malori, likafungwa kwenye uwanja wa wazi karibu na stendi. Wengine walisema limetoka Nairobi, wengine walisema limeshushwa melini, na jirani yetu mmoja aliyejua kila kitu alisema limetengenezwa papa hapa Mwanza kwa vyuma vya reli. Tulikuwa tumeanza kuzoea vitu kufika bila kuulizwa vimetoka wapi. Mitumba ilikuwa imejaa soko la Mlango Mmoja, redio ndogo za betri zilikuwa zinalia kila kibanda, na sasa soko huria lilikuwa limetuletea chuma kirefu kuliko nyumba, chenye viti vyekundu na vya kijani, kikizunguka pole pole huku watu wakipiga kelele. Ukikaa kwenye miamba nyuma ya nyumba yetu ulikuwa unaviona viti vya juu vikitokeza na kuzama. Shuleni, aliyepanda alikuwa mtu. Asiyepanda alikuwa msikilizaji. Nilikitamani kiti kimoja cha kijani mpaka nikawa nakihesabu kila kinapotokeza.

Lakini nyumbani hapakuwa na wa kumwambia habari za gurudumu. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa kimepunguza watu, naye akiwa miongoni mwao. Ajabu ni kwamba kila asubuhi aliendelea kuvaa ovaroli lake la kazi na kutoka, na kila jioni alirudi nywele zimelowa, ameshaoga ziwani. Mama akimuuliza ametoka wapi, alijibu neno moja tu: "Natafuta." Majirani wakamsaidia Mama kufikiri. Mwanamume anayeoga kabla ya kufika kwake, walisema, ana kitu anachokiosha. Mama alilia, kisha akatuma salamu Kisesa kwa mama yake. Jibu lilirudi haraka kuliko basi: Bibi anakuja Jumamosi kumchukua mwanawe pamoja na wajukuu, tukakae kwake mpaka huyo mwenye mji apate akili. Kisesa niliipenda wakati wa likizo. Kwenda kuishi huko na kumwacha Baba peke yake na ovaroli lake, hapana.

Sasa lazima nieleze jambo la wakwe, maana bila hilo mtu atatuona wendawazimu. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Mjini mambo yalikuwa yameanza kulegea, lakini Bibi hakuwa mtu wa mjini, na Baba alimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa msimamizi wake kiwandani. Walipotaka kusemezana, walitafuta mtoto. Kwa hiyo Jumamosi ile, Mama alipokataa kwenda stendi kumpokea mama yake ("Nikienda mimi nitalia barabarani"), Baba aliambiwa aende, nami nikaongezwa kama mdomo. Alivaa shati jeupe la kanisani juu ya suruali ya ovaroli. Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Stendi Bibi hakuwepo. Basi la Kisesa lilikuwa limeshafika na kuondoka. Tulizunguka, tukauliza, Baba akaanza kutoka jasho, na mimi niliyekuwa nimepiga jicho upande wa uwanjani ndimi niliyeuona mtandio wake wa zambarau. Bibi alikuwa katikati ya foleni ya gurudumu. Kikapu chake kilikuwa chini mbele ya miguu yake, naye amesimama wima kama askari, anamkemea kijana mmoja asisukume.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mke mwenzangu. Simama hapa, usipoteze nafasi. Wanagawa nini?"

Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa leo hawezi kulifanya. Bibi alikuwa amepitia miaka ya uhaba, miaka ya sukari kwa kibali na sabuni kwa bahati, na miaka ile ilimfundisha kwamba ukiona foleni unaingia kwanza, halafu ndipo unauliza. Ukianza na kuuliza, nafasi imekwenda. Aliposhuka kwenye basi na kuona watu wamepangana hadi barabarani, miguu ilimpeleka yenyewe. Nikamwambia hawagawi kitu, watu wanalipa wapande lile gurudumu, linawazungusha, wanashuka. Alitazama juu kwa muda.

"Wanashuka na nini?"

"Hawashuki na kitu, Bibi."

"Wanashukia wapi?"

"Hapo hapo walipopandia."

"Weee! Watu wote hawa ni wajinga? Penye wengi hapaharibiki neno. Kuna kitu wanapewa huko juu, wewe ni mtoto hujaambiwa. Mimi sitoki."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa amesimama kando, macho yamekazia viatu vyake. Kumbishia mkwe hawezi, kumwacha mkwe uwanjani hawezi, na kumwambia aliyekuja kutuvunjia nyumba kwamba amekosea foleni, ah, hilo ndilo hakuthubutu kabisa. Akaingia nyuma yangu. Basi tukawa watatu: Bibi mbele, mimi katikati, Baba nyuma. Moyo wangu ulikuwa haujui ushike lipi. Nilikuwa kwenye foleni ya gurudumu, jamani, foleni niliyoilalia na kuiota, na papo hapo nilijua kila hatua tunayopiga mbele inatusogeza kwenye jioni ya kufunga mizigo.

Foleni ilikuwa mji. Bibi alifungua kikapu akatoa michembe, vile viazi vikavu vya kutafuna, akagawia waliokuwa karibu, na kabla hatujasogea sana alishajua nani ametoka Buswelu na nani ameacha mgonjwa nyumbani. Mama mmoja alijitolea kumshikia nafasi akakae kivulini. Bibi akakataa kivuli lakini akaacha kandambili moja mahali pake alipokwenda kujinyoosha, kama tulivyofanya na ndoo bombani, na hakuna aliyeigusa kandambili ile. Jua lilipanda. Shati la Baba lililowa mgongoni. Na hapo katikati ya mchana, kwenye joto la miili iliyobanana, harufu ikaanza kupanda. Niliisikia kwanza mimi, nikadhani ni ziwa. Bibi akaacha kutafuna. Akanusa, akanusa tena, akasema bila kugeuka:

"Mwambie baba yako ananuka dagaa."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. "Baba, Bibi anasema..."

"Nimesikia," alisema Baba. Foleni ikasogea, tukasogea. "Mwambie bibi yako nabeba mizigo mwaloni, boti za samaki zinakoshushia. Magunia ya dagaa. Tangu waliponitoa kiwandani."

Nikasema. Bibi akaniambia nimuulize kwa nini basi anamficha mwanawe. Baba akajibu kwamba fundi wa mitambo hawezi kumwambia mkewe amekuwa kuli, kwamba alikuwa anaoga ili Mama asijue, ila suruali ile hata uifue vipi, jasho likiilowesha dagaa wanarudi. Haya yote yalipita mdomoni mwangu. Nilikuwa nayasema maneno ya watu wazima huku nikiangalia kiti cha kijani kinavyoshuka, na kuna mahali nilitaka kulia na mahali nilitaka kucheka, sikujua ni wapi.

Ndipo akaja Maganga. Huyu alikuwa mwenzake Baba wa kiwandani, sasa amepata kazi ya kulinda pale getini kwenye gurudumu. Akatuona, akaja mbio. "Fundi! Unaungua jua na mkweo? Njooni mpite huku pembeni, dakika mko juu."

Bibi alishaokota kikapu. Msifikiri bibi yangu alikuwa mtu wa kutoa mafunzo; alikuwa mtu wa kutaka kitu chake mapema. "Mwambie baba yako, kama ana ndugu mlangoni, tunakaangwa hapa kwa sababu gani?"

"Mwambie bibi yako," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "waliobaki kiwandani ni wale waliopita pembeni. Mimi nilisimama kwenye mstari, nikatolewa. Leo sitapita pembeni kwa ajili ya bembea."

"Mwambie baba yako mstari haulishi watoto."

"Mwambie najua."

Maganga akacheka kwa aibu, akarudi kazini. Bibi akaweka kikapu chini, polepole. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki pale. Nikiwa nimeshiba namwona Baba alikuwa na haki. Mwisho wa mwezi namwona Bibi.

Kule mbele Baba akalipa kwa pesa za mwaloni, na mwendeshaji hakuuliza ukoo wa mtu. "Haya haya, wakubwa wawili, mtoto katikati!" Akatusukuma kwenye kiti kimoja, akafunga chuma, khaa! Mkwe na mkwe kwenye kiti kimoja, wametenganishwa na mtoto mwembamba! Bibi alijifunika mtandio uso mzima akageukia ziwani, Baba akageukia mlimani. Kiti kilikuwa chekundu, si cha kijani. Tukapanda. Ninachokumbuka cha kule juu ni hiki: hakuna. Nilifumba macho kwa woga tangu miguu ilipoacha ardhi hadi iliporudi. Nilisikia upepo na jenereta, na nadhani nilisikia mtu akisema jina la Mama, lakini siwezi kuapa.

Tuliposhuka, magoti ya Bibi yalikataa. Alianza kwenda chini, na Baba akamdaka. Akamshika mkono na kiuno, akamkalisha juu ya kikapu mbele ya watu wote. Kisha wote wawili wakashtuka kama walioguswa na moto, mmoja akaruka huku, mwingine akajikunja kule. Bibi akatema mate, akajipangusa, akasema: "Kweli hawagawi kitu." Usiku ule alilala kwetu. Kesho yake baada ya ibada alirudi Kisesa peke yake. Mizigo yetu haikufungwa. Jumatatu Baba alitoka na nguo zake za mwaloni mchana kweupe, na jioni Mama alimchemshia maji ya kuoga nyumbani.

Basi ni nini kilitokea? Mimi husema ni foleni. Maganga angetuona tangu asubuhi tukapita pembeni, jasho lisingetoka, dagaa wasingenuka, na Bibi angetuchukua. Mama husema upuuzi, ni mkono ule. Bibi alimwambia kwamba mtu aliyemdaka bila kufikiri mwiko hawezi kumwangusha mwanawe. Kwa Mama, basi, foleni ilikuwa kupoteza mchana. Bibi ametutoka siku nyingi, hakuna wa kumuuliza. Mwaka jana nilimuuliza Baba, ambaye sasa ni mzee anayelalamika kwamba kule Busisi daraja jipya limechukua nafasi ya kivuko, likamnyima kahawa ya kwenye foleni. Nikamwambia, kule juu mlisemezana nini? Akasema hakumbuki, alikuwa amefumba macho. Na bibi yako naye, akasema, nilimchungulia kiti kilipoinuka tu, upepo umepeperusha mtandio, alikuwa amefumba. Yaani tulikaa kutwa juani, watu watatu, tukapanda, na hakuna hata mmoja aliyeliona ziwa.

Mwezi huu tulimpeleka binti yetu Rehema kwenye bustani ya michezo Dar es Salaam. Nasema tulimpeleka, lakini mimi na baba yake tulikuwa hatusemezani tangu kabla ya safari, kwa mambo ambayo nikiyaandika hapa yataonekana madogo. Foleni ya gurudumu lao ilijikunja mara nyingi kwenye vizuizi vya kamba, na pembeni palikuwa na mlango mwingine: ukilipa zaidi unapewa tiketi ya haraka, unapita, unafika. Hakuna anayewaona wanaopita pale kuwa wezi, ni huduma. Rehema alikuwa amesimama katikati yetu, amechoka. "Mama, kwa nini tunasubiri wakati tunaweza kupita?" Niliutazama ule mlango wa pembeni. Waliopita haraka walikuwa wakishuka wanacheka, wameona bahari yote, na nyumba zao, kwa ninavyojua, zilikuwa salama. Hapo hapo baba yake akatoa pochi na kugeuka kuelekea dirisha la tiketi.

"Rehema," nikasema, "mwambie baba yako asikate ile tiketi ya haraka."

Mtoto akamwambia. Baba yake akasimama, pochi wazi mkononi, akanitazama mara ya kwanza siku ile, halafu akamtazama mtoto. "Muulize mama yako kwa nini."

Jua lilikuwa kali. Nikasema, "Mwambie sijui. Mwambie arudi tusimame."