Tupa Aliyoificha Bibi

Niliwahi kuwalisha wageni wa maulidi vumbi la chuma, tena sahani zimejaa. Juzi mjukuu wangu alipoweka mezani tui la pakiti nilikumbuka, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tulikaa Majengo, mimi na bibi yangu, miaka ya hamsini. Wenzangu wakiruka kamba, mimi niko ndani nachonga miiko ya mbao. Maulidi yamekaribia, chuma cha mbuzi ya bibi ya kukunia nazi kikakatika. Kiti chake ningekichonga nimefumba macho, ni mbao tu. Chuma je? Nikajitia ujuzi. Mpangaji wa chumba cha nyuma, fundi wa karakana ya reli, akanipa kipande cha chuma, akaniazima tupa ya kunolea na jiliwa la kubania chuma. Sukuma, inua, rudisha. Mbao husamehe, chuma kilinichubua vidole huku kikinipigia kelele. Jioni fundi akanitolea mfukoni nyuzi za chuma zilizojikunja, za buluu, zanuka mafuta. Taka za kerezo, akasema, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya kama chungwa. Moyo wangu ukapotea hapo hapo.

Meno ya mbuzi nikayanoa, makali kweli. Kuyaosha nikasahau. Siku ya maulidi wali wa tui la nazi ile ukalia krach vinywani mwa watu, shehe akatema ndani ya leso, bibi akaificha tupa chini ya godoro lake.

"Msichana na chuma wapi na wapi? Atakuoa nani, gari la moshi?"

Kesho yake alipokwenda sokoni Kariokor, nikainua godoro. Nikakaa barazani, mtaa mzima unaona, nikayapiga meno tupa upya, nikayasugua kwa majivu na maji moto, nikakuna nazi. Bibi akarudi akanikuta.

"Lete hiyo tupa."

"Sileti, bibi."

Sikuwahi kumjibu hivyo kabla, wala baada.

Baraza ile haipo tena, bibi hayupo, na nazi siku hizi ni ya pakiti. Kerezo langu dogo limekaa sebuleni. Wageni wakitaka, wakae jikoni. Yote kwa sababu muuza maandazi wa mlango wa pili alisimama kati yetu, akachota ile nazi, akaitafuna polepole, akamgeukia bibi:

"Shoga, hasira weka kando. Ya zamani ilikuwa inaparura, hii inakuna. Mwachie mtoto tupa yake, na kesho naleta mbuzi yangu ainoe."