Mtaa Chini ya Wingu

Tangu utotoni binti huyu alikuwa wa kupotelea mawazoni. Akitumwa chumvi, anarudi na hadithi, chumvi kaisahau. "Huyu mguu wake mmoja tu ndio uko duniani," shangazi yake alizoea kumtania. Basi tazama Mungu alivyo: alipomaliza chuo, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kuitazama dunia kutoka juu.

Ofisi ya utafiti ilikuwa chumba kimoja chenye feni inayolalamika. Kutwa nzima alielea juu ya mapaa ya watu kwenye picha za setilaiti, kila paa akiliwekea nukta, na kila nukta akiitungia wenyeji wake: hawa wanakaanga vitunguu, hawa mtoto wao kakataa kuoga. Kazi tamu hiyo, jamani! Chai ilimpoa mkononi, yeye hayupo.

Pasipokuwa na paa, kompyuta ilipapaka kijani yenyewe, yaani hapakaliwi. Ramani hiyo ndiyo ingeamua zahanati mpya ijengwe wapi. Mkuu wake, waliyemwita Mzee Tarehe kwa kuwa hajawahi kuchelewesha kazi, alimwambia, "Binti, kesho asubuhi tunakabidhi. Ikienda sawa, mkataba wako wa kudumu nasaini mwenyewe." Moyo ulimruka. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani.

Alasiri ile akaifungua tena picha ya setilaiti, aitazame tu, kwa mapenzi. Upande wa mashariki, pale palipopakwa kijani, palikuwa na wingu. Jeupe, zuri, limejilaza kama paka. Siku zote alilipita akilifurahia. Kompyuta haikuona paa chini yake, ikasema hakuna watu, na mwotaji wetu hakuuliza! Sasa akaona vijia vyembamba vilivyokanyagwa, vinaingia chini ya wingu kutoka kila upande. Nani anakanyaga njia ya kwenda pasipo na mtu?

Angenyamaza, nani angejua? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Akaenda.

"Mzee, ramani ina kosa. Na kosa ni langu. Kuna mtaa mzima nimeufuta."

Mzee Tarehe alivua miwani. "Na mkataba wako je?"

"Nitaulilia nyumbani," akajibu.

Mzee akaitazama ile picha weee, kisha akanyanyua simu, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba kuchelewa. Akamgeukia. "Mkataba tutauzungumza mwakani. Sasa kapime huko kwa miguu yako."

Usiku ule usingizi aliupata kwa shida. Asubuhi akavifuata vile vijia, kifaa cha kupimia mkononi. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama aliyembeba mtoto anayechemka homa.

"Unauza nini, mwanangu?"

"Siuzi, mama. Nimekuja kuona kama mpo."

Yule mama akamkazia macho, akamsogeza mtoto begani.

"Tupo," akasema. "Tulikuwa tunawangoja nyinyi."